Maji Yaliyolala

Mwape, ufunguo nimeuacha kwa muuza makala wa kona.
Usimwulize habari za deni.
Nitakuwa Likasi siku sita, pengine saba,
kutegemea barabara, na jino la mama.

Samaki ni kumi na moja. Wahesabu ukiingia.
Wengine watakuwa ndani ya maganda ya konokono,
mkia tu nje, kama mtu aliyelala na viatu.
Usigonge kioo kuwaamsha.

Maji yao yako kwenye bidoni la njano chini ya meza.
Niliyakinga jana bombani, nikaacha mfuniko wazi.
Yamelala usiku mmoja. Yaache yalale na mwingine.
Yakitoka bombani yana ile dawa inayopanda puani:
sisi tunakunywa na kushukuru,
wao inawaunguza mashavu.

Siku ya nne, si kabla, toa robo.
Robo, Mwape. Si nusu.
Nimechora mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha.
Kisha rudisha polepole, kwa kikombe cha plastiki,
lakini kwanza mkono huu huku, mkono huu kule,
ujue kama maji hayo mawili yanasalimiana.
Wala usiguse lile birika la shaba la ukutani.
Najua, mji huu mzima umekula shaba,
ada yangu ya shule ilikuwa shaba,
hata jeneza la baba lililipwa na shaba.
Samaki hawajui historia hiyo. Kidogo tu kinawaua.

Na sponji ya pampu.

Ulikuwa bado mdogo mama mkwe alipokuja kutoka Kongolo.
Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema,
"Kumbe mnafuga bwawa."
Hakuongeza neno. Hakuhitaji.
Usiku ule nililala saa nane.
Nilisugua kokoto moja moja,
nikakamua sponji kwa sabuni
hadi ikawa nyeupe kama gauni la komunyo,
nikamwaga maji yote, nikajaza mapya.
Asubuhi kioo kiling'aa,
mama mkwe akafunga kilemba akijitazama humo.
Siku ya tatu walikuwa juu, midomo wazi,
wakitafuta hewa
ndani ya maji ambayo ungeweza kusomea gazeti.
Nilizika tisa nyuma ya choo.

Mume wangu hakunigombeza.
Alishika ile sponji nyeupe, akaigeuzageuza.
"Ule uchafu ulikuwa na watu," alisema.
Wadogo kuliko jicho. Wanakula sumu ya mkojo
usiku na mchana, bila likizo,
na wewe umewafukuza wote kwa siku moja.
Alikuwa amefanya kazi mgodini miaka kumi na tisa.
Nilielewa alikuwa anasema nini.

Kwa hiyo isuuze ndani ya yale maji machafu uliyotoa,
ikamue mara mbili, basi,
irudishe ingali ya kahawia.

Umeme utakatika. Ukikatika, usiwalishe.
Chota kwa kikombe, inua, mwaga kutoka juu,
yachukue hewa yakianguka. Mara ishirini.
Pumzika. Mara ishirini tena.
Mimi huhesabu kwa majina ya wote
ambao nimewatengenezea friji na hawajalipa,
na orodha haijawahi kuniishia.
Usiku wa Juni huku kwetu una meno:
funika kioo kwa lile blanketi la kijivu,
pande tatu, uache mbele wazi.

Chakula, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho.
Watakuja kukutazama kama hawajala tangu Krismasi.
Ni waongo.

Ukiona mmoja amejitenga, rangi imefifia,
usikimbilie duka la dawa. Nusa maji kwanza.
Maji mazuri yananuka kwa mbali kama ua uliomwagiwa maji asubuhi.
Yakinuka kitu kingine, toa robo, hata kama si siku ya nne.

Na ukihesabu ukapata kumi,
usinipigie simu usiku.
Chungulia ganda kubwa la kushoto.
Huyo alikuwa wa mume wangu.
Hapendi wageni.